Jina Langu Libandikwe

Jumamosi, 5 Novemba 2005

Daftari hili nimepewa Vwawa, kwenye semina ya wenyeviti wa kamati za shule. Kila mtu daftari moja, kalamu moja na soda. Mwezeshaji alisema mwenyekiti asiyeandika husahau, na anayesahau huburuzwa. Basi naandika. Mimi ni Roda Nzunda, mke wa Watson, mkulima wa kahawa na mahindi huku Ihanda, nilimaliza darasa la saba mwaka 1979. Wazazi walinichagua mwezi wa nane kwa sababu wanaume watatu waliotajwa kabla yangu walikataa.

Jambo kubwa lilikuwa waraka. Kila shule ya msingi sasa inatakiwa kubandika mahali pa wazi, ili mzazi apite asome bila kumwomba mtu ruhusa: idadi ya wanafunzi, wavulana kwa wasichana, walimu na masomo yao, mahudhurio, fedha zilizoingia na zilivyotumika, matokeo ya darasa la saba ya miaka mitatu, pamoja na majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari. Mwisho tarehe 15 Desemba.

Nilipofika kwenye majina ya waliochaguliwa nilikunja karatasi nikanywa soda. Tumpe, binti yangu, alifanya mtihani wa darasa la saba mwaka 2003. Jina lake halikutajwa.

Jumatatu, 7 Novemba

Nimempelekea waraka mwalimu mkuu, Mwalimu Ambilikile. Yuko hapa mwaka wa kumi na tatu. Anaimba besi kwenye kwaya yetu ya Moravian, na hesabu akizifundisha yeye hata mtoto mzito anaelewa. Amesoma waraka mara mbili, ameuweka chini ya jiwe la kuzuia karatasi zisipeperuke.

"Jambo zuri, Mama Tumpe. Lakini ubao hatuna."

"Nitatafuta ubao."

Jumatano, 9 Novemba

Mvua bado. Wengine wamepanda mahindi kwenye vumbi. Watson amesema tungoje.

Jumamosi, 12 Novemba

Watson ameranda mbao tatu za mkaratusi, akaziunganisha. Tumebeba wawili mpaka shuleni. Mwalimu Mkuu amesifu kazi. Kisha akasema bila rangi mbao zitaoza.

Jumanne, 15 Novemba

Rangi nimepata, nyeusi, kopo nusu, imebaki kanisani. Mwalimu amesema mvua zikija zitafuta maandishi yote.

"Basi tutauezekea bati," nikamwambia.

Akacheka, lakini macho hayakucheka. Nimeona.

Alhamisi, 17 Novemba

Bati moja limepatikana. Ubao umesimama kwenye geti. Mbuzi wa jirani ndiye wa kwanza kuusogelea kana kwamba anajua kusoma.

Jumatatu, 21 Novemba

Mwalimu Rozi, wa darasa la kwanza, ana mwandiko wa kupendeza. Leo ameandika idadi: wavulana 214, wasichana 231, walimu sita, waliopo leo watano. Wazazi waliotoka mashineni kusaga wamesimama na debe kichwani wakisoma. Mmoja akauliza huyo wa sita yuko wapi. Kesho yake wa sita alikuwa wa kwanza kufika. (Hili nimeliongeza Jumanne.)

Bado matokeo ya darasa la saba. Mwalimu Mkuu anasema faili anazipanga.

Alhamisi, 24 Novemba

Nimefuata faili.

"Mchwa, Mama Tumpe. Kabati lile limeliwa na mchwa. Orodha za miaka ya nyuma hazisomeki."

"Nionyeshe."

"Zimechomwa."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimekasirika, nikamwambia Watson mtu huyu ananiona mjinga. Watson alikuwa ananoa jembe. Akasema, "Vwawa hawana nakala?"

Huyu mume wangu husema maneno kumi kwa siku, lakini hakosi moja la maana.

Jumapili, 27 Novemba

Mawingu tu. Kanisani Mwalimu Ambilikile hakuimba. Alisema koo.

Jumatatu, 28 Novemba

Leo nitaandika yote.

Nimefika ofisi ya elimu Vwawa saa nne. Karani, dada mmoja mpole, akanisikiliza, akaingia ndani, akatoka na karatasi za miaka mitatu. Za 2003 zilikuwa mbili. Nikamwuliza mbona mbili.

"Hii ya kwanza ni chaguo la kwanza, Novemba. Hii nyingine ni chaguo la pili. Watoto waliochukua nafasi za wale ambao hawakuripoti. Ilitumwa mashuleni mwezi wa pili, 2004."

Chaguo la pili sijawahi kulisikia shuleni kwetu. Karatasi ilikuwa na shule nyingi. Nikateremsha kidole mpaka kwenye yetu. Majina mawili.

Brayan Lusubilo Siame.

Tumpe Watson Nzunda.

Nilisoma tena. Nikamwomba karani anisomee. Akasoma, "Tumpe Watson Nzunda, msichana." Akaniuliza, "Ni nani kwako, mama?"

Nilikuwa nasikia sauti yangu mwenyewe ya mwaka ule. Siku majina yalipotangazwa na la Tumpe likakosekana, mtoto aliniambia, "Mama, mtihani ulikuwa mwepesi. Wamekosea." Nami nikamwambia mbele ya shangazi zake, "Miaka saba nimelisha tumbo tu, kichwa hakikushiba." Vijana wa kijijini wakamwita Ziro. Akipita kisimani wanaimba Ziro. Alivumilia mwaka mmoja, kisha akafunga nguo zake kwenye mfuko wa rambo akaenda Mlowo kwa shangazi yake mdogo. Mpaka leo anashona magunia kwenye yadi ya mahindi. Akija nyumbani, ananisalimu kama mgeni anavyomsalimu mwenye nyumba.

Nimetoka Vwawa nimeshika nakala kifuani kama mtu aliyebeba yai. Sikupita nyumbani. Nimekwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Ambilikile.

Alikuwa uani anachambua maharage ya mbegu. Aliona karatasi kabla sijafungua mdomo. Akasimama, akavua kofia.

"Umekwenda Vwawa."

"Nimekwenda."

"Kaa, Mama Tumpe."

"Sikai. Na usiniite hivyo. Umewezaje kuniita Mama Tumpe kila siku na jina la mwanangu umelificha?"

Akakaa yeye, chini, kwenye maharage. Akasema barua ilikuja wiki ileile aliyofiwa na mkewe. Aliipokea makaburini, kutoka kwa mtu aliyetoka wilayani, akaitia kwenye mfuko wa koti la msiba. Lile koti hakulivaa tena mpaka Pasaka. Alipoikuta, muda wa kuripoti ulikuwa umepita.

"Nikasema nitakwenda wilayani kesho kuomba. Kesho ikawa wiki. Nikaogopa. Kisha nikasema wameshasahau, wataolewa, watalima, maisha yataendelea. Na kila Jumapili nakuona umekaa kiti cha tatu."

Mungu anisamehe, nilitaka kumpiga na lile jembe lililokuwa ukutani. Lakini nilikumbuka msiba ule. Mimi ndiye niliyekuwa jikoni siku tatu. Na aliyetuchotea maji, ndoo juu ya ndoo toka kisimani, alikuwa Tumpe. Alibeba maji ya kuoshea marehemu, na baada ya mazishi akabeba tena, barua yake ikiwa ndani ya nyumba ileile.

Nilimwambia hivyo tu. Akajifunika uso kwa kofia.

Jumanne, 29 Novemba

Watson amesoma karatasi akiwa amesimama. Akaikunja, akanirudishia, akaenda shambani bila jembe. Amerudi jua linazama. Akasema, "Kesho kamlete mtoto."

Jumatano, 30 Novemba

Mlowo. Yadi ya mahindi iko nyuma ya barabara kuu, magari ya mizigo yamejipanga mpaka kwenye mizani. Mwenye yadi ni Mama Kabula, Msukuma kutoka bonde la Momba, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuswagia ng'ombe. Nikamwambia namtafuta mwanangu. Akanyoosha kidole.

Tumpe alikuwa amekaa juu ya marundo, sindano ya gunia mkononi, uzi umezungushwa kwenye kidole cha gumba. Amekuwa mrefu. Mikono imekuwa migumu kuliko yangu.

"Shikamoo mama. Kuna msiba?"

"Marahaba. Hakuna msiba. Ulifaulu."

"Nini?"

Nikampa karatasi. Akaisoma. Sikuona chozi. Akaiweka gotini, akamalizia kushona gunia lile mpaka kona, akakata uzi kwa meno. Ndipo akasema, "Nilikwambia, mama. Nilikwambia mtihani ulikuwa mwepesi."

Nilikaa chini, kwenye pumba na vumbi, vibarua wakiniangalia. Nikamwambia, "Uliniambia. Mimi sikukusikia. Nisamehe, mwanangu. Mwalimu alificha barua, lakini lile neno la kichwa hakikushiba lilitoka kinywani mwangu."

Lori likapiga honi mara mbili. Mwisho akashuka, akanipangusa vumbi mgongoni kwa kanga yake mwenyewe. Hakusema amesamehe. Amenipangusa.

Nikamweleza kwamba kata yetu inafungua sekondari mwakani, madarasa mawili yameshaezekwa, na nitakwenda kwa Afisa Elimu kumwombea nafasi yake. Akatikisa kichwa.

"Siendi popote kwanza. Jina langu libandikwe."

"Libandikwe wapi?"

"Pale shuleni. Kwenye huo ubao wenu. Wale walioniimbia Ziro wapite walisome. Likishakaa pale, nitakuja."

Mama Kabula alikuwa amesogea karibu, anasikiliza bila kujificha. Akasema, "Mama, mtoto ana haki. Na wewe binti, likibandikwa nenda. Magunia hayaishi duniani, nitapata mwingine."

Alhamisi, 1 Desemba

Nimempelekea Mwalimu Ambilikile sharti la Tumpe. Nilidhani ataomba tulimalize kimyakimya, tumkabidhi mtoto barua yake yaishe. Alinitazama, akasema, "Nitalibandika mwenyewe. Itisha mkutano wa wazazi." Sikutarajia.

Jumapili, 4 Desemba

Mvua. Saa tisa alasiri, kwa kishindo. Watoto wametoka nje uchi wanacheza. Kumbikumbi wamejaa.

Alhamisi, 8 Desemba

Tangu Jumatatu tumepanda mahindi. Sina nguvu ya kuandika.

Jumamosi, 10 Desemba

Mkutano ulipangwa saa nne. Mvua ilianza saa tatu na nusu, nikajua watu hawatakuja. Wamekuja. Wamekuja na miavuli, na mifuko ya mbolea iliyokatwa kuwa makoti, na wengine na majani ya mgomba. Maneno yalikuwa yameshavuja. Mzee Lusubilo Siame, baba yake Brayan, alisimama mbele kabisa, ameshika fimbo kwa mikono miwili. Kijana wake yuko Tunduma, anavusha mizigo kwa mkokoteni kwenda Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na kurudi.

Mwalimu Ambilikile alitoka ofisini na suti yake ya kwaya. Hakuchukua mwavuli. Alikuwa na karatasi tatu na misumari midogo. Akabandika ya 2005, akabandika ya 2004. Akasimama mbele ya ya 2003, akageuka.

"Wazazi, karatasi hii ilikuja kwangu Februari mwaka jana. Sikuisoma kwenu. Mchwa hawakuila. Niliificha mimi, na juzi nikadanganya ili niifiche tena. Watoto wawili wa kijiji hiki walifaulu na mimi nimewanyima miaka miwili. Nimeandika barua wilayani kueleza hivyo, nakala hii hapa, nayo naibandika."

Watu walipiga kelele. Mwanamke mmoja akamwita mchawi. Mzee Lusubilo alisogea na fimbo, nami nikasogea katikati, sijui miguu ilitoka wapi. Nikasema, "Mzee wangu, ngoja asome majina. Tumeyangoja miaka miwili."

Mwalimu akasoma. Sauti yake ya besi ilipita juu ya mvua na bati.

"Brayan Lusubilo Siame."

Mzee akaishusha fimbo.

"Tumpe Watson Nzunda."

Nyuma ya umati nikasikia mtu anasema, "Nipo."

Alikuwa ameshatoka Mlowo na gari la asubuhi, hakutuambia. Amelowa chapachapa. Watu wakampisha njia mpaka kwenye ubao. Akasogeza uso karibu kabisa, akasoma jina lake herufi kwa herufi kama anakagua mshono. Kijana mmoja, najua ni yupi, aliyekuwa kinara wa kuimba Ziro, alikuwa amesimama pembeni. Tumpe akamwita.

"Njoo usome. Usome kwa sauti."

Akaja akasoma. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka mbuzi wakakimbia. Watson wangu, mwenye maneno kumi, alipiga mluzi wa vidole viwili ambao sijausikia tangu tuoane.

Jumatano, 14 Desemba

Tumepiga kura ya rais. Foleni ndefu, tope hadi kifundo. Foleni nzima ilikuwa inazungumza habari za ubao.

Jumatatu, 19 Desemba

Vwawa tena: mimi, Tumpe, Mzee Lusubilo na Mwalimu Ambilikile. Mzee hakukaa kiti kimoja naye kwenye gari. Afisa Elimu alisoma barua yote, akamtazama mwalimu kwa muda. "Wewe tutazungumza baadaye." Kisha akamgeukia Tumpe.

"Una miaka mingapi?"

"Kumi na sita."

"Utakaa na watoto wa miaka kumi na minne."

"Nimekaa na magunia, Afisa. Watoto ni wepesi."

Alicheka mpaka akavua miwani. Akasema jina likiwa kwenye orodha ya serikali halijafa, na sekondari ya kata bado ina nafasi. Ameandika barua mbili papo hapo, akagonga muhuri.

Jumapili, 25 Desemba

Krismasi. Tumpe amelala nyumbani. Amenisalimu, kisha ameninyang'anya mwiko akasema ugali wangu una madonge.

Jumatano, 11 Januari 2006

Barua ya wilaya imefika. Mwalimu Ambilikile amevuliwa ukuu wa shule, amebaki mwalimu wa kawaida. Mwalimu Rozi anakaimu. Nilifikiri nitafurahi zaidi. Nimefurahi kiasi.

Jumatatu, 23 Januari

Mahindi yamefika kiunoni. Mzee Lusubilo amekwenda Mlowo kuzungumza na Brayan kwa simu: ana mkokoteni wake sasa, ana wateja, wenzake wa Nakonde wanamwita bosi. Habari ya shule atafikiria.

Jumatatu, 6 Februari

Sekondari ya kata imefunguliwa. Jembe, ndoo, ufagio, daftari sita. Sketi ya Tumpe ameishona mwenyewe. Mshono wake hautafumuka mpaka kidato cha nne. Walimu wawili tu, madirisha hayana vioo, sakafu bado ya udongo. Watoto sitini na moja. Alijipanga mstari wa nyuma kwa urefu wake.

Saa tano, majina yakiwa yameshasomwa, tukaona godoro linapanda mlima. Chini ya godoro alikuwa Brayan, anahema kama injini. Mzee Lusubilo alianza kucheka peke yake, akatembea kumpokea, akamwangukia begani na godoro likaanguka kwenye tope.

"Mkokoteni je?" nikamwuliza.

"Nimemkodishia mtu, mama. Unatembea wenyewe."

Alhamisi, 2 Machi

Sekondari haina mwalimu wa hesabu. Tumpe amesema wanajisomea tu, kitabu kimoja watoto kumi.

Jumamosi, 4 Machi

Mwalimu Ambilikile amekuja nyumbani. Hakuingia, alisimama kwenye mibuni. Ameomba ruhusa ya kamati kutumia darasa la shule ya msingi kila Jumamosi mchana, awafundishe hesabu watoto wa sekondari, bila malipo. Nikamwambia kamati itakaa. Kisha nikamwambia mwenyekiti amekubali.

Tumpe amesema yeye hatakwenda.

Jumamosi, 11 Machi

Hakwenda. Alipalilia maharage kwa hasira, amekata na mengine mazima.

Jumamosi, 18 Machi

Amekwenda. Sikumwuliza.

Ijumaa, 31 Machi

Sekondari nayo imesimamisha ubao wake, na leo wamebandika matokeo ya majaribio ya kwanza. Wazazi tumejaa kama sokoni. Brayan wa tisa. Tumpe Watson Nzunda, wa pili kati ya sitini na mbili. Watson amesoma, ameondoka, amerudi, amesoma tena.

Jumamosi, 1 Aprili

Nilikuwa natoka shambani na maboga, nikapita dirisha la darasa la sita. Mwalimu Ambilikile alikuwa ubaoni, chaki mpaka kwenye nyusi, ameandika hesabu ndefu ya kutafuta x. Watoto zaidi ya arobaini, wengine wametoka Itaka kwa miguu. Nikatua maboga nikasimama.

Mkono ukanyooshwa nyuma. Tumpe.

"Mwalimu, mstari wa tatu umekosea. Ulipohamisha saba hukubadilisha alama."

Mwalimu akarudi nyuma hatua moja, akautazama mstari wa tatu, akahesabu kwa midomo. Nikaona mabega yake yanatikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Kweli nimekosea," akasema. Akapita katikati ya madawati mpaka kwake, akamnyooshea chaki. "Njoo uwaonyeshe wenzako."

Tumpe alimwangalia, akaichukua. Akaenda mbele, akafuta mstari wa tatu kwa kiganja, akaandika mpya, na wa nne, na wa tano, tarakimu kubwa zilizonyooka, mpaka jibu likatoka. Akapiga mstari mara mbili chini yake. Darasa zima likapiga makofi, na mimi nje dirishani, mikono imejaa udongo wa maboga, nikapiga pamoja nao.